Bonde la Pili

Sherbrooke,
Jumapili ya mwisho ya Machi

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo wote nilio nao, na kabla sijasema lolote naomba kujua goti lako linaendeleaje. Nimesikia kwamba umeonekana tena ngazini na koleo, unakwangua theluji kana kwamba daktari alikuwa anaongea na ukuta. Nakusihi umwachie kazi hiyo kijana wa jirani. Na je, kile kikohozi cha Februari kimekwisha? Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yagome, nawe ukagoma kuvaa kile kifaa, simu zetu zimekuwa za kupigiana kelele, na haya nitakayokuambia leo si ya kupigiwa kelele.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Nasema sisi, maana Sylvain bado yumo humu ndani. Analala chumba cha chini, kando ya mashine ya kufulia nguo. Tafadhali usiishike rozari bado. Soma kwanza mpaka mwisho.

Utakumbuka Krismasi, tulipokuwa tunakata pai ya nyama jikoni kwako, uliniuliza kama Sylvain bado ananitazama. Ulidhani unaninong'oneza, ila nyumba nzima ilikusikia. Mimi nilicheka. Ukaniambia, "Cheka tu. Mume akianza kupiga mluzi akinyoa ndevu, ujue kuna jambo." Mama, neno lile liliniingia kama kibanzi cha kuni chini ya ukucha. Njia nzima kutoka Matane nilikuwa namtazama kwa jicho la pembeni, na alipoanza kupiga mluzi pale Rivière-du-Loup, nilikaribia kumwambia asimamishe gari nishuke.

Kazi yetu unaijua kwa juu juu. Najua wenzako wa kanisani unawaambia kwamba binti yako anapiga mawe picha. Si uongo sana. Sylvain ndiye mwenye mawe. Huchukua unga wa kutu ya chuma, akauchanganya na oksidi ya madini mengine yanayoitwa ebiamu, akauyeyusha katika tanuri la taa na vioo na kuuacha ugande polepole, kama mshumaa unaowaka kinyumenyume, mpaka anatoa kijiti cheusi kinachong'aa. Hiyo ndiyo fuwele. Hakuna anayeziotesha kama yeye. Wageni hutoka Japani na Ujerumani kuja kuitazama tu mikono yake, na mimi wakinipa mkono husema, "Ahaa, kumbe wewe ndiwe mke wa Turcotte wa fuwele!" Miaka kumi na miwili nimekuwa nikitabasamu.

Mimi hukata kipande chembamba cha kijiti kile, nikakipoza kwa baridi ambayo Januari ya Matane ni kiangazi mbele yake, kisha nikapitisha ndani yake mawimbi ya terahezi. Hayo ni mawimbi yaliyo katikati ya yale ya redio na yale ya joto la jiko, jicho haliyaoni. Ndani ya fuwele kila chembe ya chuma ni kama kisindano cha dira, na kikitazama hiki kaskazini, jirani yake hutazama kusini. Mawimbi yakipita kwa mdundo unaovipendeza, visindano vyote huyumba pamoja na kuumeza mdundo huo. Basi kwenye skrini mstari wangu huporomoka na kufanya bonde. Mahali bonde lilipo ndipo panaponiambia majirani hao wameshikana kwa nguvu gani.

Mwezi wa Novemba niliona bonde la pili. Lilikuwa dogo, kando ya lile kubwa, nalo lilitokea baridi ilipozidi. Halikupaswa kuwepo. Kama ni la kweli, maana yake chuma na ebiamu, ambao sote tulidhani katika baridi ile bado hawajasalimiana, kumbe wameshakumbatiana. Nilikaa mbele ya ile skrini nikiogopa hata kupumua. Nilikimbia ngazi mbili kumwita Sylvain. Alilitazama, akakuna kidevu, akasema ni unyevu.

Naomba uelewe, hakusema jambo la kijinga. Mvuke wa maji hewani nao humeza mawimbi haya, ndiyo maana sisi hupitisha hewa kavu kwenye chombo, na bonde langu lilikuwa karibu na mahali ambapo mvuke hufanya bonde lake. Kilichoniuma ni kwamba hakuishia hapo. Wiki ile tulikuwa na wageni mezani, na wakati nagawa supu ya njegere alisema kwa sauti ya kuchekesha, "Jamani, mmesikia? Mke wangu amegundua maji!" Walicheka wote. Profesa Lemire, mkuu wetu, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, naye alifuta mdomo kwa kitambaa ili asionekane. Nilicheka pamoja nao, Mama, ulinilea vizuri. Ila supu ya Sylvain niliijaza mifupa ya nguruwe mitupu.

Njia ya kumaliza ubishi ilikuwepo. Ukiiweka fuwele ndani ya sumaku kubwa, bonde la visindano litasogea, maana visindano huisikia sumaku. Bonde la maji halisogei. Maji hayana habari. Lakini sumaku yetu hunywa heli ya kimiminika, ile gesi ya maputo iliyopozwa mpaka ikawa kama maji, na heli mwaka huu imeadimika kama mafundi bomba wakati wa Krismasi. Lilibaki tangi moja. Profesa Lemire alilitenga kwa ajili yangu, kwa mwezi wa Aprili, nitakapomaliza kufundisha. Basi nikangoja.

Mwenye kuitunza sumaku hiyo ni Maude Arsenault, mhandisi wetu, mtu wa Visiwa vya Madeleine, mrefu, mwenye kicheko kinachofungua milango. Na hapo, Mama, ndipo neno lako la Krismasi lilipopata pa kuota.

Februari Sylvain alijiunga upya na timu yao ya hoki ya wazee, asubuhi za Jumamosi. Nilifurahi, maana tumbo lake lilikuwa limeanza kumtangulia. Jumamosi ya kwanza alirudi kimya, akala bila kuongea. Ya pili vivyo hivyo. Nikalichukua begi lake nikafue nguo. Mama, wewe umefua nguo za hoki za Baba maisha yako yote. Unajua begi la hoki hunuka kiasi kwamba hata mbwa hulizunguka. Nilifungua zipu nikaingiza pua. Lilinukia mbao na vumbi. Soksi zilikuwa zimekunjwa vile vile nilivyozikunja mimi mwaka juzi.

Nilifunga zipu nikaketi juu ya mashine ya kufulia, na roho ikawa inaniwaka moto wa pumba, ule usio na mwali. Jumatatu nikakutana na Maude kwenye korido. Alisimama, akanitazama kwa huruma, akanishika bega akaniambia, "Jipe moyo, mpenzi. Yote yatajulikana karibuni." Nilimwangalia nikijiuliza: huyu mwanamke ana uso wa chuma? Ananichukulia mume, halafu ananipa pole?

Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri wala kula vizuri. Kila Maude akicheka nilisikia jina langu ndani ya kicheko. Nilianza kuhesabu nani kakaa na nani wakati wa chakula. Nilimwona Sylvain akimpelekea kahawa, nikakumbuka kwamba mimi huniletea kikombe kikiwa nusu. Na ukweli ni huu: mapenzi tu ningeweza kuyastahimili. Kilichonitafuna ni kufikiri kwamba yeye ndiye anayesimuliwa mambo ya kazi, na kucheka pamoja naye, si kuchekwa kama nilivyochekwa mimi.

Halafu ikaja safari yetu ya kila mwaka kwenda msituni, kwenye kibanda wanakochemsha utomvu wa miti ya mepli kuwa shira, idara nzima. Nilikaa mbali na Maude, lakini mezani nafasi zilipungua, akaja kuketi mbele yangu na sahani yake ya mayai na nyama ya kukaanga. Akaniomba kwa adabu nimpitishie jagi la shira. Nililichukua mwenyewe nikammiminia. Nikamimina mpaka mayai yakaelea, shira ikashuka mezani, ikaingia mapajani mwake. Nikasema, "Chukua, mwenzangu, chukua! Si umezoea kuchukua vya watu?"

Hata mpiga fidla alishusha upinde. Maude alishika kitambaa akaanza kujifuta mapaja. Sylvain alikuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akaniuliza, "Annick, una wazimu?" nami nikamjibu kwamba wazimu wangu angalau unanuka jasho, si kama begi lake. Watu walidhani nimelewa. Profesa Lemire alinirudisha nyumbani kwa gari lake bila kuuliza kitu, akaweka nyimbo za Kirusi anazozipenda, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata Sylvain alichukua begi tena. Nilimwacha atangulie, nikaingia kwenye gari langu. Hakuelekea uwanja wa barafu. Alipanda kilima cha chuo, akaegesha nyuma ya jengo la sumaku, ubavuni kwa gari jekundu la Maude. Nilibaki nje nimeshika usukani. Nilikumbuka ulivyomfuata Baba hadi bandarini mwaka ule, ukamkuta anacheza karata na mapadri wawili, nikaomba Mungu anipe na mimi karata. Kisha nikatoa ufunguo wangu nikaingia.

Nilijiandaa kukuta mabusu. Nilikuwa nimeshapanga na maneno. Nilisukuma mlango, na nilichokuta ni watu wawili wamevaa makoti mazito na kofia za sufu, wamesimama hatua kadhaa mmoja mbali na mwenzake, wanatazama skrini. Na kwenye skrini, Mama, lilikuwepo bonde langu. Lile la pili. Maude alikuwa anaipandisha sumaku kidogo kidogo, na kila alipoipandisha, bonde lilisogea. Lilisogea polepole, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwingine kwenye benchi la kanisa. Bonde la maji halisogei.

Maude ndiye aliyeniona kwanza. Alifurahi! Akasema, "Hatimaye umekuja! Nilimwambia Sylvain, mwache aje aone mwenyewe, asiogope." Nilimuuliza niogope nini. Akamtazama Sylvain, akanitazama mimi, na nikaona uso wake unabadilika kama mtu aliyekanyaga barafu akasikia inapasuka. Akasema taratibu kwamba aliambiwa mimi nimekubali tangi litumike, ila sina moyo wa kuhudhuria, kwamba naogopa majibu na nimemwomba mume wangu apime kwa niaba yangu, nisiambiwe lolote mpaka yote yahakikishwe. Ndiyo maana alikuwa ananipa pole kwenye korido. Kisha akavua glavu akazitupa mezani. "Sylvain, mwambie mkeo tangu lini linasogea. Mwambie wewe, mimi mdomo wangu haumo."

Lilisogea tangu Jumamosi ya kwanza.

Maude alitoka akatuacha. Nilimuuliza Sylvain, kama alijua tangu siku ya kwanza, Jumamosi ya pili alirudi kufanya nini, na leo amerudi kufanya nini. Alivua kofia. Alisema alirudi kutafuta kosa. Alibadilisha kipande cha fuwele, akabadilisha hewa, akakigeuza huku na huku, akiomba bonde ligome kusogea. Nikamwambia kwamba kupima tena na tena ni kazi halali, angenishirikisha tu. Akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Nilitaka nikukute umekosea, Annick, ili nikufariji. Hilo ningeliweza. Hili la kukupongeza lilinishinda."

Mama, mimi nilikuwa na wivu, na yeye alikuwa na kijicho. Siku zote hizo tulikuwa tunalala kitanda kimoja, kila mtu kaukumbatia ugonjwa wake.

Heli imekwisha. Tangi jingine haliji kabla ya vuli, na kuna kundi la wenzetu huko Ujerumani ambao wanaijua fuwele hii na hawalali. Kwa hiyo ushahidi pekee kwamba bonde langu ni la kweli ni vipimo vya Sylvain, alivyovipima kwa siri ili kuniangusha. Alinikabidhi vyote, akasema jina lake lisitajwe popote kwenye makala. Mimi nilikuwa nimeshaamua hivyo kabla hajafungua mdomo. Lakini Profesa Lemire alituita ofisini, akatuketisha kama watoto waliopigana uwanjani, akasema kwamba jiwe ni la Sylvain na vipimo vya sumaku ni vya Sylvain na Maude, na sayansi haina chumba cha chini cha kumlazia mtu. Sijui nani alimwambia habari za chumba cha chini. Makala itakuwa na majina manne, la kwanza langu, la mwisho lake. Kwa Sylvain aliongeza kwamba akitumia tena heli ya mtu bila ruhusa, atamwotesha yeye ndani ya tanuri.

Kwa Maude nilikwenda nyumbani kwake, na kashata za krimu nilizopika mwenyewe. Nilimwomba radhi mlangoni, mbele ya mume wake, mwanaume mpole aliyekuwa na taulo la vyombo begani. Maude alipoelewa nilichokuwa nimemdhania, alicheka mpaka akashika ukuta. "Sylvain? Mungu wangu! Dada, mimi ninaye wangu, na huyu anaosha masufuria." Akala kashata mbili papo hapo, akanisamehe. Ana moyo mkubwa kuliko wangu, na hilo nalo lilinikera kidogo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana hayo mengine ungeyasikia tu kwa watu. Sylvain hajui, wala Maude. Nakwambia wewe kwa sababu wewe hujawahi kuniona mwema kuliko nilivyo.

Aliposema yale maneno pale kwenye sumaku, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa uchungu. Ilikuwa furaha. Mama, nilifurahi kupita kiasi! Mikono ile wanayokuja kuitazama kutoka ng'ambo, na mwenye mikono kakosa usingizi kwa ajili yangu. Hakuna mtu aliyewahi kunionea kijicho maishani mwangu. Nililia, naye akadhani nalia kwa kuumia, akapiga magoti kwenye sakafu ile ya baridi kuniomba msamaha, nami nikamwacha apige. Sikumsahihisha. Bado sijamsahihisha. Kila jioni namsikia anakohoa kule chini karibu na mashine, na kila jioni kuna sehemu yangu ndogo inayopasha mikono moto kwenye kikohozi kile.

Na wivu wangu kwa Maude haujaisha, umehama tu. Siuhofii tena uzuri wake. Lakini Jumamosi ile ya kwanza, bonde liliposogea kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, alikuwepo yeye, na mimi nilikuwa jikoni nakunja mashuka. Kitu kile kitasogea mara elfu mbele yangu, lakini mara ya kwanza ni moja, nayo wameiona wao. Busu ningelisamehe, Mama. Sijui kama nitaisamehe asubuhi ile.

Juzi Ijumaa Sylvain alikuja maabarani kwangu na kikasha. Ndani mlikuwa na kipande kutoka kijiti kipya. Amepunguza ebiamu, akaweka madini mengine mahali pake. Alisema hajakiweka chini ya kitu chochote, hata darubini, wala hajamwonyesha mtu. Kupoza bila sumaku hakuhitaji heli ya tangi, kwa hiyo ningeweza kukipima siku hiyo hiyo. Alikiweka mezani, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.

Nilikipoza. Mawimbi yakapita, mstari ukaanza kujichora, na mimi peke yangu nikaona alichofanya. Sitakuandikia nilichokiona. Kwa sasa hakijulikani nje ya chumba kile, na nataka kibaki hivyo japo kwa siku chache. Kupitia kioo cha mlango niliona mabega yake. Alikuwa ameketi sakafuni kwenye korido, mgongo ukutani, hasomi wala hagusi simu, anangoja. Zamani angekuwa ameshagonga. Nilimwangalia kitambo, nikijua ninachojua naye hajui, na utamu wake ulikuwa mwingi kuliko nilivyotarajia. Kisha ukapungua, Mama. Ulipungua haraka sana. Nilitazama tena kile kitu kwenye skrini, kizuri namna ile, na hapakuwa na mtu wa kumwambia "Tazama."

Nilifungua mlango. Sikumwambia aingie. Nilisogeza kiti cha pili mbele ya skrini, nikarudi kuketi kwenye changu.

Pasaka tutakuja, tukijaliwa na barabara zikiwa safi. Tutakuja wawili. Ukimnong'oneza lolote Sylvain, nong'oneza kweli. Wasalimie wote wa kanisani, mbusu paka wako mzee kwa niaba yangu, na goti lako nalibusu mwenyewe toka huku, sharti likae ndani mpaka theluji iyeyuke.

Ni mimi, binti yako anayekupenda na aliyerithi pua yako,

Annick